Jeneza la Mama Schola

Wapo watu ambao wakiona kitu kizuri mkononi mwa mwenzao huanza kuhesabu bahati yake, wasihesabu jasho lake. Kwao, kila king'aacho kiliokotwa njiani. Wahenga waliwajua vema watu wa namna hiyo, wakawaachia neno: ukiona vyaelea, vimeundwa. Winfrida, ambaye majirani walimwita Mama Godwin, aliisikia methali hiyo tangu utotoni. Maana yake aliijua ukubwani, tena baada ya kuwaumiza watu.

Winfrida alikuwa na duka la stesheneri mjini Newala, kando ya barabara iendayo stendi, mahali ambapo asubuhi za baridi ukungu hupanda kutoka bonde la Ruvuma ukatanda mpaka kwenye vizingiti vya maduka. Alichapa barua, alitoa kopi, aliwajazia vijana maombi ya kazi mtandaoni na kutengeneza kadi za harusi. Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuifanya kazi hiyo mtaani pale, na kwa muda mrefu alikula peke yake. Kisha Dorika, mke wa mwalimu Alfredi, akafungua kibanda upande wa pili wa barabara. Alfredi alikuwa akifundisha Nanganga, huko chini ng'ambo ya Masasi, na nyumbani alifika kwa nadra. Dorika, ambaye wengi walimwita Mama Schola, alibaki na binti yao Scholastika, akishona nguo kwa cherehani na kuchapa barua kwa kompyuta ya mezani aliyoipata katika mnada wa vifaa chakavu.

Kompyuta hiyo ilikuwa kioja. Kasha lake lilikuwa kubwa, jeusi, limechubuka pembe zote, nayo iliunguruma kama mashine ya kukoboa mahindi. Mteja aliyeagiza barua aliweza kwenda kunywa chai akarudi, akaikuta bado haijamaliza kuwaka. Winfrida ndiye aliyeibandika jina la Jeneza, na jina likashika. Siku hizo alimpenda sana Dorika. Alimwazima karatasi zilipomwishia, alimpelekea mihogo ya kuchemsha, akamfundisha namna ya kupanga kadi. Ni rahisi kumpenda mtu anayekuja nyuma yako.

Mvua zilipoanza, Jeneza likatoweka mezani. Dorika akawa akifungua kibanda siku moja moja, akipokea nguo za kushona tu. Siku nyingine hakuonekana kabisa. Baadaye hata cherehani haikuonekana. Winfrida akajua mwenzake amefilisika. Alimwonea huruma, na huruma ile ilikuwa tamu moyoni mwake kuliko alivyopenda kukiri.

Msimu wa korosho ulipowadia, watu wakawa na fedha mfukoni na shughuli zikawa nyingi, Jeneza lilirudi mezani. Kasha lilikuwa lilelile, jeusi, limechubuka vilevile. Lakini halikunguruma tena. Winfrida alivuka barabara siku hiyo kwa kisingizio cha kuomba chenji, akamkuta Dorika amefungua picha za harusi nzima, barua ya chama cha wakulima na wimbo wa kwaya, vyote kwa pamoja, na kompyuta ikimtii kama mtoto aliyelelewa vizuri. Alichofanya kwa kufumba na kufumbua kingemchukua Winfrida mchana mzima. Winfrida alisema hongera. Neno lilitoka, ila lilimkwaruza koo kama mwiba wa samaki.

Tangu siku hiyo hakuwa na raha. Alikaa dukani jicho likiwa ng'ambo ya barabara. Kila mteja aliyeingia kwa Dorika alimwona kama kaibwa kwake. Kompyuta yake mwenyewe, ambayo jana tu aliisifu, sasa aliiona nzito kama jiwe la kusagia. Ilipoganda kidogo, aliipiga kofi. Chakula kilipoteza ladha. Kilichomuuma zaidi hakikuwa wateja waliompungua. Kilichomuuma ni kwamba Dorika hakuwa amebadilika: alimwamkia vilevile, alicheka vilevile, kana kwamba hajui kuwa amempita.

Kijicho hakikosi ushahidi. Winfrida alikumbuka kwamba siku moja aliliona gari la Nurdin, mnunuzi wa korosho wa Tandahimba, limesimama mbele ya kibanda cha Dorika, na Nurdin akishuka na boksi, akilipeleka ndani kwa mikono miwili. Hapo akajiona amepata jibu. Mume yuko Nanganga, mke amepata kompyuta ya ajabu, cherehani kaiacha kama mtu asiyehitaji tena kuhangaika. Alianza kwa kuuliza tu. Aliwauliza wateja kama nao walikuwa wameliona lile gari. Aliwauliza kama mshahara wa mwalimu siku hizi unanunua mambo makubwa namna ile. Hakumtuhumu mtu. Aliacha maswali yake yatembee yenyewe, nayo yakatembea, yakashuka mteremko wa Masasi, yakamfikia Alfredi Nanganga yakiwa yamekwisha kuwa majibu.

Alfredi hakupiga kelele. Aliacha tu kuja. Likizo fupi ilifika ikapita, Dorika akaonekana akifagia uwanja peke yake, macho yamevimba. Winfrida aliyaona macho yale. Alijiambia kuwa kila mtu huvuna alichopanda, akaingia ndani kupiga hesabu ya namna ya kumshinda.

Nafasi ikaja. Sista Anastasia, aliyekuwa akiratibu jubilei ya masista, alimpa Winfrida kazi ya kutengeneza kijitabu cha misa: nyimbo, historia na picha za masista tangu walipoanza. Ilikuwa kazi ya kumrudishia mtu jina mjini. Winfrida akaazimia kuifanya kwa kompyuta itakayolizidi Jeneza. Alikuwa amesikia kuwa mwendo wa kompyuta unatokana na prosesa, ule ubongo wake mdogo wa bapa. Basi akateremka Masasi, akaingia duka la kwanza aliloliona, akaomba prosesa yenye nguvu kuliko zote. Muuzaji alimuuliza mazabodi yake ni ipi, yaani ule ubao mkubwa wa ndani ambao prosesa huketi juu yake, kwa maana si kila prosesa hukubali kila ubao. Winfrida alihisi anafanywa mshamba. Akamjibu kwamba yeye yuko kwenye kazi hiyo miaka mingi, amuuzie tu.

Alirudi Newala, akafunga mlango wa duka, akaifungua kompyuta. Akaitoa prosesa ya zamani, akaweka mpya. Haikukaa. Akaigeuza, haikukaa. Upande wa pili wa barabara aliwasikia wateja wa Dorika wakicheka, na kicheko kile kikamwingia mkononi. Akakandamiza. Ulisikika mlio mdogo, kama kijiti kinachovunjika. Alipoinua, aliona vile visindano vyembamba vya kitako, pale prosesa inapoketi, vimelala huku na huku kama mtama uliopigwa na mvua ya mawe. Akajaribu kuirudisha prosesa ya zamani. Nayo haikuamka tena.

Kijitabu cha masista kilikuwa humo ndani, na jubilei ilikuwa Jumapili inayokuja.

Winfrida alirudi Masasi akiwa amekumbatia lile kasha kifuani kama mgonjwa. Muuzaji alipoona kitako alitikisa kichwa, akamwelekeza kwa mzee Mahmudu, fundi mwenye meza yake chini ya majabali, nyuma ya soko. Mzee alitazama, akamwambia pasipo kumlaumu kuwa ubao umekufa, ila diski inayotunza kazi iko salama. Kazi yake haijapotea. Kisha akamuuliza anatoka wapi.

"Newala, baba."

"Basi ungemuuliza Mama Schola kabla hujanunua. Huyo mtoto nilimkatalia mara ngapi."

Winfrida aliuliza alimkatalia nini. Mzee, huku akiitoa diski, akamsimulia. Kwamba Dorika alikuja masika akitaka prosesa mpya, akamwambia ubao wake ni wa zamani mno, hautapokea chochote. Lazima vibadilishwe vyote viwili. Hakuwa na uwezo huo. Alirudi nyumbani, akauza cherehani, akaja kuchukua ubao uliotumika ila mzima. Prosesa hakuweza. Akawa anakuja kila alipopata nauli, anakaa pale mezani, anamshikia tochi, anauliza kipi hukubaliana na kipi, anafagia. Prosesa ilipopatikana, nayo imetumika, kumbe memori zake za zamani, zile kadi za kumbukumbu, hazikuingia kwenye ubao mpya. Akalia mbele ya watu, akaenda kupalilia mikorosho ya wengine, akarudi na fedha za kununua nyingine.

"Kasha nilimwambia aliache," mzee akasema. "Akaniambia kasha halichapi barua. Siku vilipokamilika alikuwa mgonjwa, nikampa mdogo wangu Nurdin amshushie boksi akipita."

Winfrida alitafuta mahali pa kukaa. Maneno yote aliyoyatembeza yalimrudia, moja baada ya jingine, na kila moja lilikuwa na uso wake. Safari nzima ya kupanda Newala alitazama mikorosho dirishani asiione. Alitamani hata sasa kumchukia Dorika, maana chuki ingekuwa nafuu. Akaitafuta moyoni, akakuta aibu imekalia kiti chake.

Alimkuta Dorika peke yake kibandani. Alimwekea diski mezani, akamweleza habari za kijitabu. Kisha, kwa kuwa hilo ndilo lililokuwa gumu, akamweleza habari za maneno: kwamba ni yeye aliyeyaanzisha.

Dorika aliendelea kuinama juu ya karatasi. "Nilijua, Mama Godwin. Newala siyo Dar."

"Na uliendelea kuniamkia?"

"Ningefanya nini? Uliniazima karatasi nilipokuwa sina." Akaivuta diski upande wake. "Kitabu cha masista nitakitoa, hawakunikosea. Lakini maneno uliyapanda wewe. Nenda uyang'oe wewe. Alfredi mimi nimeshamwambia, hakunisikia."

Kesho yake Winfrida alifunga safari mpaka Nanganga. Alimkuta mwalimu Alfredi uwanjani mwa shule, akamwambia yote akiwa amesimama, kuanzia boksi hadi cherehani, wala hakujitafutia upenyo. Alfredi alisikiliza akitazama chini. Winfrida alipomaliza, mwalimu alimuuliza jambo moja tu: "Aliuza ile cherehani aliyopewa na mama yake?" Winfrida akaitikia. Mwalimu aligeuka akatembea kuelekea darasani, na mabega yake yalikuwa yakitikisika.

Siku ya jubilei vijitabu viligawiwa, vizuri kuliko alivyoahidi Winfrida, na Sista Anastasia aliambiwa wazi ni kazi ya nani. Alfredi alikuwa kanisani. Alikaa benchi moja na mkewe, binti yao katikati. Hawakuonekana wenye furaha; walionekana watu walioanza upya, wakiwa waangalifu. Winfrida alikaa nyuma, na alipowatazama alisikia bado kile kichomi cha zamani, kidogo. Hakikufa siku moja. Ila safari hii alikijua jina, akakiacha kipite.

Alianza kujichanga. Kompyuta yake ilibaki wazi miezi mingi, tupu kama boga lililokombwa, na Dorika alipopata nafasi alivuka barabara kumwonyesha ubao upi ni wa kutafuta na upi wa kuepuka. Urafiki wao haukurudi kama ulivyokuwa. Ulikuja mwingine, wenye maneno machache.

Mchana mmoja mama mmoja aliyekuja kutoa kopi alisimama mlangoni kwa Winfrida, akaitazama foleni ya ng'ambo, akashusha sauti. Alisema watu wengine wana nyota zao. Ukichunguza sana utakuta kuna mkono wa mtu.

Winfrida aliweka karatasi chini. "Hakuna nyota pale, mama, wala mkono wa mtu ila wake. Ukiona vyaelea, vimeundwa."