Pimbi na Gari Lisilokosea

— Paukwa!
— Pakawa!
— Juu ya jabali kuna kioo!
— Kioo kinakunywa jua!
— Jua lenyewe la nani?
— La wote!
— Semeni tena, yule wa nyuma hakusikia.
— La woteee!
— Haya, kaeni. Vuteni miguu, msikanyagane, nami nitawasimulia.

Hapo kale, tena si kale sana, maana simu zilikuwapo, paliishi mnyama mdogo aitwaye Pimbi. Mnene kama mkate wa boflo, masikio madogo, sauti kubwa kuliko tumbo lake. Aliishi juu ya jabali, na juu ya jabali hilo alikuwa na runinga kuukuu aliyoitengeneza mwenyewe, gemu ya magari yenye padi ya kubonyezea iliyofungwa kwa utepe, na maoni.

Maoni alikuwa nayo mengi, na hakuna aliyemwuliza.

"Gemu za ngumi ni za wavivu," alikuwa akisema. "Unabonyeza pa, pa, pa, unashinda na hujui umeshindaje. Gemu ni ya magari! Kwenye kona usipopunguza mwendo, unaumia."

Au alisema, "Simu ni kitochi, ile ndogo ya vitufe. Ikianguka, usiiulize simu kama imeumia, liulize jabali."

Au, "Gari likiongea sana, jua mwenye gari hajui njia."

Wenzake walicheka, wakamwacha aseme, kwa sababu pembeni mwa runinga ile palisimama sola, kioo kipana cheusi. Mchana kutwa sola ilikunywa jua. Jioni ilipofika, watoto wa mwituni walicheza gemu kwa zamu, anayeshindwa anaachia padi. Wakubwa walichaji simu. Na Mama Kanga, jirani wa chini ya jabali, alikuwa amevuta waya hadi kiotani kwake, akawasha taa ya joto, vifaranga wake wakaota. Ulikuwa msimu wa baridi, baridi ile inayouma hadi kwenye kucha.

Siku moja wakasikia: zzzzzzz!

Si nyuki. Ni gari. Gari la umeme, jekundu, linang'aa kama pilipili iliyopakwa mafuta, na ndani yake ameketi Ngiri. Ngiri yule mwenye pembe mdomoni. Nyumba anayolala alimpora Muhanga, na matikiti anayokula alimpora Nungunungu.

Gari likasimama chini ya jabali. Likasema kwa sauti tamu ya kike, "Chaji imepungua. Umeme wa karibu uko juu ya jabali."

"Mmesikia?" Ngiri akasema. "Gari limesema."

Akapanda. Akaishika sola kwa pembe zake. Kung'u! Kung'u! Ng'oo!

"We Ngiri!" Pimbi akapiga kelele. "Hiyo sola ni yetu! Unaipeleka wapi?"

"Mimi? Mimi siipeleki popote. Gari ndilo linaloitaka."

"Ngoja basi uchaji hapa hapa, ukimaliza uondoke! Nani amekukataza?"

"Gari langu halipangi foleni na vitochi."

"Na vifaranga wa Mama Kanga je? Usiku wataota nini?"

"Waote ndoto," Ngiri akasema, akacheka peke yake: ngro, ngro, ngro. Akaifunga sola juu ya paa la gari. "Msinilaumu mimi. Gari limetengenezwa na wenye akili, linajua kila kitu. Gari halikosei!"

Zzzzzzz. Akaenda.

Hasira ikamjaa Pimbi. Ikaanzia nyayoni, ikapanda magotini, ikapanda tumboni, ikafika kooni. Akaimeza. Ikapanda tena.

Usiku ule jabali lilikuwa giza. Runinga kimya, padi kimya. Lakini chini ya jabali hapakuwa kimya. Vifaranga walilia chii, chii, chii, na Mama Kanga akijaribu kuwafunika wote kwa mbawa mbili. Kifaranga wa upande huu akifunikwa, wa upande ule yuko nje.

"Kaka Pimbi," Mama Kanga akaita kutoka gizani, "huyu mdogo miguu yake imekuwa baridi kama kokoto. Usiku mwingine wa namna hii hatauona mwisho wake."

Pimbi alishuka, akajilaza juu ya kifaranga yule hadi kukapambazuka, akisaga meno. Na meno ya Pimbi, watoto wangu, si ya kuchezea.

Asubuhi wakaenda kwa Ngiri wote pamoja: Pimbi, Mama Kanga, Nungunungu na Digidigi. Walimkuta amelala kivulini. Sola iko juu ya paa la gari, inakunywa jua la watu.

"Bwana Ngiri," Mama Kanga akasema kwa adabu, "tumekuja kwa heri. Utupe sola yetu, watoto wanaumia."

Ngiri akafumbua jicho moja. "Mna malalamiko?"

"Tunayo," Pimbi akasema.

"Wewe sungura uliyekatwa masikio, na wewe una malalamiko? Msiniambie mimi. Liambieni gari. Gari likisema 'rudisha', nitarudisha palepale, tena mbele ya macho yenu. Lisiposema, nendeni zenu. Gari halikosei!"

Akafumba jicho lake.

Hasira ikamjaa Pimbi. Ikaanzia nyayoni, ikapanda magotini, ikapanda tumboni, ikafika kooni. Akaimeza. Ila safari hii ilipofika tumboni ilikuta jambo, na jambo lile likamfanya atabasamu vibaya.

"Umesikia, Mama Kanga?" akanong'ona. "Likisema, atarudisha."

"Gari litasemaje, kaka? Gari ni lake."

"Gari ni lake. Sauti si yake. Sauti ile naijua. Ndiyo ile ile ya kwenye gemu yangu, pinda kulia, pinda kushoto. Nimeisikia hadi naiota, na kuiiga naiweza."

Ngiri alipokwenda kugaagaa kwenye tope lake la asubuhi, Pimbi akaingia garini. Akajipenyeza chini ya dashibodi, kwenye giza, penye nyaya nyingi kama mizizi. Akatafuta waya wa spika. Akautia menoni. Ktu! Akakunja miguu, akatia jicho kwenye kijitundu cha kuonea njia, akangoja.

Ngiri akarudi, tope linachuruzika. "Leo nawatembezea gari langu walione," akasema. "Washa!"

Zzzzzzz.

Kutoka chini ya dashibodi ikatoka sauti tamu, tamu kama uji wa sukari: "Karibu, Bwana Ngiri. Endelea moja kwa moja. Mbele kidogo, pinda kushoto."

Kushoto palikuwa na migunga, miiba yake mirefu kama sindano za kushonea magunia. Ngiri akaiona. Lakini wanyama walikuwa wamejipanga njiani, wanamtazama. Akapinda. Prrraaaa! Rangi nyekundu ikabaki mitini.

"Bwana Ngiri!" Nungunungu akaita. "Mbona miibani? Gari limekosea?"

"Gari halikosei! Hii ni njia ya mkato."

"Vizuri sana," likasema gari. "Mbele kidogo, pinda kulia."

Kulia palikuwa na kichuguu, kirefu kuliko twiga mtoto. Ngiri akakiona. Akapinda. Gbuuu! Taa moja ikaning'inia kama jino bovu.

"Bwana Ngiri!" Digidigi akaita. "Mbona kichuguuni? Gari limekosea?"

"Gari halikosei! Linajipima nguvu."

"Vizuri sana," likasema gari. "Nyoosha. Usipunguze mwendo."

Mbele palikuwa na bwawa la nyati. Chubwiii! Tope likaruka hadi kwenye masikio.

"Bwana Ngiri!" wote wakaita. "Mbona matopeni? Gari limekosea?"

"Gari halikosei!" Ngiri akafoka, akitema tope. "Limetaka kuoga! Ninyi hamuogi?"

Mnadhani Pimbi alikuwa anacheka kule chini? Hakucheka. Aliukumbuka mguu wa kifaranga ulivyokuwa baridi tumboni pake, akazidi kukaza meno. Akalitoa gari matopeni, rudi nyuma, songa mbele, polepole, mpaka chini ya jabali.

"Simama," likasema gari. "Mzigo umezidi."

Ngiri akashuka, akafungua buti. Akatupa matikiti. Pu! Pu! Pu! Nungunungu akayakusanya haraka haraka, maana yalikuwa yake.

"Mzigo umezidi," likasema gari.

Ngiri akang'oa kiti cha nyuma, akatupa.

"Mzigo umezidi."

"Kimebaki nini tena?"

"Kilicho juu ya paa."

Masikio ya Ngiri yakasimama. "Sola? Gari langu, umepatwa na nini? Sola ndiyo chakula chako! Nimekunyang'anyia mwenyewe kwa wale mafukara wa jabalini. Acha vifaranga wao wakauke kama dagaa, wewe ule ushibe!"

Hasira ikamjaa Pimbi. Ikaanzia nyayoni, ikapanda magotini, ikapanda tumboni, ikafika kooni, na mara hii haikumezeka.

"KWIIIIIII!"

Ndege wakaruka mitini. Ngiri akaganda.

"Sauti gani hiyo?"

Taratibu, sauti tamu ikasema, "Breki."

"Mbona tumesimama?"

"Breki za kisasa hulia hata zikisimama."

Ngiri akainama. Akaweka sikio kwenye spika. Akanusa: mf, mf, mf. Pua yake ikasogea kwenye dashibodi, ikasogea tena, na Pimbi aliyekuwa ndani akahisi pumzi yake ya moto inapita katikati ya nyaya.

Hapo Mama Kanga akajitokeza mbele, kifaranga mdogo chini ya bawa lake.

"Bwana Ngiri," akasema, "sisi ni washamba, utueleweshe. Asubuhi ulisema gari likisema, utarudisha mbele ya macho yetu. Macho ndiyo haya. Gari limesema. Sasa utarudisha, au tukawaambie watu gari lako limekosea?"

Ngiri akamtazama Mama Kanga. Akawatazama Nungunungu, Digidigi na wengine waliokusanyika, kila mmoja amefunga mdomo kwa nguvu asicheke. Akatazama rangi iliyochubuka, taa inayoning'inia, tope. Yote hayo aliyapita kwa sababu gari halikosei. Likikosea sasa, basi lilikosea miibani, na kichuguuni, na bwawani, naye aliyelifuata aitwe nani?

"Rudisha sola ulipoing'oa," likasema gari. "Panda kwa magoti. Jabali linateleza."

Ngiri akabeba sola mgongoni. Akapiga magoti. Akapanda, goti kwa goti, anahema, ngro, ngro, na jasho linamtoka. Akaisimamisha pale pale ilipokuwa. Nungunungu akaunganisha waya. Chini kwenye kiota taa ikawaka, wa! Mama Kanga akamweka yule kifaranga mdogo katikati ya joto, akangoja. Kifaranga akanyoosha mguu mmoja. Akanyoosha wa pili. Chii!

Ngiri akashuka, akaingia garini. "Haya. Nimerudisha. Sasa niende wapi?"

Kimya.

Akabonyeza hapa. Kimya. Akapiga ngumi pale. Kimya. Betri ilikuwa imekwisha kabisa. Akachungulia chini ya dashibodi, akaona waya uliotafunwa, na kando yake manyoya machache ya kahawia.

Akainua kichwa. Juu ya jabali ameketi Pimbi, aliyechomoka garini Ngiri alipokuwa akipanda, padi mapajani, anamtazama.

Wakatazamana. Ngiri akajua, na Pimbi akajua kwamba Ngiri amejua. Lakini angesema nini? Aseme mbele ya wote kwamba aliyempeleka miibani, na kichuguuni, na bwawani, na kumpandisha jabali kwa magoti, ni Pimbi?

Pimbi akafungua mdomo mchana kweupe, akasema kwa sauti tamu ya uji wa sukari, "Mtandao umekatika. Inua mkia, uutafute."

"Bwana Ngiri," Nungunungu akasema, "umesikia? Au limekosea?"

Ngiri akasaga pembe. Akameza mate.

"Gari," akasema, "halikosei."

Akainua mkia wima, akatimua mbio porini: tupu, tupu, tupu!

Hadi leo mkimwona Ngiri anakula, amepiga magoti. Na mkimwona anakimbia, mkia uko juu kama nguzo ya redio. Watu husema anamkimbia simba. Si kweli. Anatafuta mtandao.

Na Pimbi? Jioni ile watoto walirudi, wakapanga zamu zao. Walidhani watamkuta na furaha. Walimkuta bado amevimba.

"Gari la umeme si baya," alisema, huku akikaza utepe wa padi kwa meno. "Halina moshi, halina kelele. Ubaya ni huyo aliyeketi ndani, anapora, halafu anasema si mimi, ni gari. Huyo ndiye ninayemchukia. Haya, nani zamu yake?"

Funzo la ngano hii ni jepesi, watoto wangu. Gemu ni kupoteza wakati. Mtazameni Pimbi: kucheza kwake kote hakukumfundisha chochote, isipokuwa kuliendesha gari la mwenzake bila kugusa usukani. Kwa hiyo msicheze. Na mtu mkubwa akiwanyang'anya kitu chenu, msikasirike, kukasirika ni tabia mbaya. Kaeni kimya, mngojeni ashibe, atawarudishia mwenyewe. Hivyo ndivyo wakubwa wanavyotaka tuwafundishe, nami nimefundisha.

— Ngano nimeitua chini!
— Tumeiokota!
— Utamu wake?
— Tutagawana!
— Na uchungu wake?
— Mpelekee Ngiri!