Havijawa na Sangara Aliyemfukuza

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitikia kama hamjala? Sogeeni motoni. Paukwa!

Pakawa!

Hapo zamani za kale, samaki walipokuwa bado wanasema na watu, palikuwa na mama kijana aitwaye Havijawa, mwoga kuliko waoga wote. Aliogopa mjusi, aliogopa radi, aliogopa hata kivuli chake kikimtangulia mlangoni. Msicheke! Mwoga naye huzaa. Akazaa binti, akamwita Mashavu, maana mashavu alikuwa nayo. Lakini mwezi haujaisha, maziwa yakakauka kifuani, na yale mashavu yakaanza kuyeyuka.

"Mwanangu," akasema mama mkwe, Bi Pili, "dawa ni mchuzi wa kichwa cha sangara. Mumeo kaenda kurina asali, na wavuvi siku ya tatu leo hawajapata hata gamba. Nipe mtoto. Nenda."

"Mimi, mama? Mtoni? Mimi?"

"Kwani nasema na paka?"

Akaenda. Maji ya mto ule yalikuwa maangavu, hata unaweza kuhesabu changarawe chini. Na wavuvi wake walikuwa na mila: ukiingia mtumbwini unakaa kama jiwe, hata kupepesa macho ni kosa. Havijawa nyungunyungu wa chambo hakuthubutu kumshika, kwa hiyo alichana upindo wa kanga yake nyekundu akaufunga kwenye ndoana.

"Shemeji," wavuvi wakamcheka, "leo sangara atavaa kanga!"

Akazungusha mshipi kifundoni mwa mkono mara tatu, usije ukamponyoka, akaingia mtumbwini, akapiga kafi hatua chache tu kutoka ukingoni. Basi mkono ukatetemeka, mshipi ukatetemeka, mtumbwi ukatetemeka. Akaimba apate moyo:

*Mashavu, mwanangu, nakuja,*
*mto usiponimeza, nakuja.*

Sangara akachungulia kutoka chini ya mwamba. "Siku tatu naletewa nyungunyungu wafu, wananing'inia kama nguo kambani. Leo kitu kinacheza! Mama, kitu chako kizima?"

"Si-sijui!"

"Mbona kinakwenda mbio?"

"Ki-kinaogopa!"

"Kinaogopa nini?"

"Kinakuogopa wewe!"

"Aaa," akasema sangara, "kinachoniogopa ni chakula changu." Akakimeza.

Mshipi ukavutwa. Havijawa akapiga yowe, akaruka mtoni, kumbe maji ya magotini! Akatoka mbio, akapita wavuvi, akapita mashamba, akapita hata kuku waliomzoea, anageuka nyuma anamwona sangara, anazidisha mbio, anageuka tena, bado yupo!

"Mama! Fungua mlango! Ananifukuza!"

Bi Pili akafungua. Akamtazama mkwewe, akamtazama sangara kajaa vumbi, akautazama mshipi.

"Mwanangu," akasema taratibu, "umemfunga mkononi."

Kichwa kikapikwa, mchuzi ukanywewa, na alfajiri kanga ya Havijawa ilikuwa imelowa maziwa. Mashavu akanyonya mpaka akasinzia na ziwa mdomoni.

Wavuvi wakaja kwa adabu. "Shemeji, tufundishe."

"Nitawafundisha nini, shemeji zangu? Ogopeni tu."

Tangu siku hiyo wavuvi wa mto ule hutikisa mshipi, tena wanatetemeka kweli kweli, wanaume wazima na ndevu zao.

Hadithi yangu imeishia hapo. Anayetaka kunicheka anicheke, lakini kwanza anitolee yule mjusi pale ukutani, maana tangu nianze kusimulia ananitazama mimi tu.