Mwezi wa Juu

Hii nimetumiwa leo asubuhi, nikaisoma mara mbili, chai ikapoa mezani. Isome polepole na usirukie mwisho.

Kulikuwa na nchi moja ya wafugaji na wakulima wa mtama. Mwalimu wa nchi ile, Lubango, alikuwa mjuzi wa hesabu za anga. Siku moja akaenda kwa Mtemi.

"Mtemi, Jumatatu ijayo mchana jua litafunikwa lote. Giza litaingia, kisha nuru itarudi. Watu wasipoandaliwa, wengine wataharibu macho kwa kulikodolea, na wengine hofu itawatia wazimu."

"Basi waandae," Mtemi akajibu.

Mwalimu alifanya kazi kwelikweli. Aliwafundisha watu kuligeuzia jua mgongo na kuinua chekeche, ili mwanga upite kwenye vile vitundu na jua lionekane chini mchangani, likimegwa taratibu. Aliwaambia wachungaji wakusanye ng'ombe mapema. Mwisho akamwita Masolwa, mpiga mbiu, mwenye sauti ya kumwamsha mlevi, akampa maneno ya kutangaza.

La mgambo likilia, kuna jambo. Masolwa akapuliza baragumu, watu wakatoka.

"Sikilizeni! Jumatatu jua litapatwa na mwezi! Msilitazame!"

Balaa likaanzia hapo. Katika nchi ile alikuwepo mjane mmoja, mfinyanzi wa vyungu, macho mekundu kwa moshi wa kuchomea vyungu vyake. Jina lake lilikuwa Mwezi. Alizaliwa usiku wa mbalamwezi, baba yake akaona jina ndilo hilo.

Wewe unayesoma unaona herufi kubwa na ndogo, lakini sikio halina herufi. Masolwa angesema "mwezi utalifunika jua", kila mtu angejua ni ule wa angani, maana mtu tungesema "atalifunika". Yeye akasema "litapatwa na mwezi". Basi, mama wa watu akaingia matatani.

Kesho yake Bi Mwezi akasalimia kisimani, hakuitikiwa. Vyungu vyake havikupata mnunuzi. Mke wa mwanawe akaja kuwachukua wajukuu, hata kuketi hakuketi.

"Kulikoni, mwanangu?"

"Mama, jua limekukosea nini?"

Mwalimu aliposikia alishika kichwa. Akamtuma Masolwa mbio akarekebishe. Na Masolwa, jamani, na haraka zake!

"Si Mwezi huyo mnayemdhania! Ni mwezi wa juu!"

Lo! Nyumba ya Bi Mwezi ilikuwa juu kilimani, peke yake. Watu wakatazamana. "Wa juu? Si ndiye huyo huyo!"

Vijana wakaapa kwamba jua likizimika tu, nyumba ile inachomwa, mwenyewe akiwa ndani. Kiongozi wao alikuwa Limbu, kijana mwenye misuli mingi na domo kubwa zaidi. Mwalimu akapanda kilima akihema.

"Bibi, ondoka. Nitakusindikiza mpaka nchi jirani."

"Nikiondoka watasema nimekimbia na jua lao. Na kaburi la mume wangu nimwachie nani?" Bi Mwezi akaendelea kukanda udongo wake. "Ulisema nuru itarudi. Ni kweli, au ulikuwa unatufariji?"

"Ni kweli, Bibi."

"Basi siku hiyo nitashuka."

Jumatatu watu wote walikusanyika uwanjani kwa Mtemi, chekeche mikononi, jua mgongoni. Bi Mwezi akaingia, na watu wakampisha. Akaenda moja kwa moja mpaka kwa Limbu, akamnyooshea mikono yote miwili.

"Nishike, mwanangu. Shika hasa. Nikilipata jua kwa mikono hii, wewe utakuwa wa kwanza kujua."

Limbu akacheka kwa dharau, akambana kama amekamata mwizi. "Leo hutoki hapa."

Chini mchangani vile vijua vidogo vikaanza kumegwa, mpaka vikawa vyembamba kama kucha. Ubaridi ukaingia. Kuku wakaelekea bandani. Kisha giza likashuka lote, nyota zikatoka mchana, na uwanja mzima ukapiga yowe.

Katika giza lile hakuna aliyemwona Limbu, ila Bi Mwezi alimsikia. Mikono iliyombana ikamwachia, kisha kijana akamwangukia kifuani.

"Bibi, usiniache! Bibi, nakufa!"

Hapo Bi Mwezi angeweza kujichomoa. Hakuna aliyekuwa na habari naye, na njia ya kutokea ilikuwa wazi. Naye alikuwa anaogopa, tena sana. Lakini akamkumbatia.

"Tulia, baba. Nipo. Mwalimu amesema litarudi."

Nalo likarudi. Nuru ikamwagika uwanjani, jogoo akawika kama asiye na akili. Watu walipotazamana, wakamkuta Limbu amejikunyata, kichwa begani kwa mjane, machozi yanamtiririka.

Mtemi akamwita. "Limbu! Wewe ndiye uliyemshika Mwezi. Je, alilipata jua?"

Limbu akajifuta kamasi. "Mtemi, jua halikupatwa naye. Aliyepatwa na Mwezi leo ni mimi."

Watu wakacheka, wengine wakalia, na wengi walifanya vyote kwa pamoja. Mke wa mwana wa Bi Mwezi akaja akapiga magoti, wajukuu wakamrukia bibi yao. Mwalimu akamwomba radhi mbele ya wote, kwa kuwa alikuwa amewafundisha watu kila kitu ila hakumuuliza hata mmoja amesikia nini. Na Masolwa, bila kutumwa na mtu, akapuliza baragumu lake.

"Mwezi umepita! Mwezi amebaki!"

Safari hii walimwelewa wote.

Funzo: Kusema si kufikisha. Kabla hujaondoka, muulize mwenzako amesikia nini. Na kabla hujamchoma mtu kwa neno la kusikia, mshike mkono kwanza. Hata hii ukimtumia mtu, muulize ameelewaje.