Wimbo wa Yaya Tufaha

Katika zama zilizokwisha kupita na watu wake, mji wa Zafarani wenye malango saba ulitawaliwa na Sultani Mundhiri bin Kahtani, na milki yake ilienea hata majangwa ya chumvi, na katika vyote alivyomiliki hakuna alichokienzi kuliko binti yake wa pekee, Ruzuna, aliyekuwa na umri wa miaka ishirini.

Asubuhi moja Ruzuna alikuwa akipita ua wa jikoni, akasikia mtama ukitwangwa, na mdundo wa mchi ukamgusa mahali asipopajua, na mdomo wake ukafunguka wenyewe ukaimba:

*Lala mwanangu ulale,*
*Mtama nimeuponda…*

Hapo akakoma, kwani yaliyofuata hakuyajua. Alijua tu kwamba yapo, na kwamba alikuwapo mtu aliyemwimbia akiwa mdogo, mtu mwenye mikono mikavu yenye harufu ya moshi, na mamaye Malkia Adla hakuwa na mikono ya namna hiyo. Akaketi pale pale juu ya gogo la kuni akalia mbele ya wapishi.

Kisha akaenda kwa mamaye, akamkuta anasukwa nywele.

"Mama, ni nani aliyekuwa akiniimbia wimbo huu?"

Malkia akamwashiria msusi atoke, na nywele zake zilikuwa zimesukwa upande mmoja tu. "Nyimbo za vijakazi ni nyingi, mwanangu," akasema, "na hazina mwisho. Usijisumbue."

Lakini tangu siku ile chakula hakikumpita Ruzuna kooni, na mwili ukamwisha, na matabibu wakaja na kombe la kunywa na mizizi wakarudi walivyokuja. Sultani alipoona bangili zinamdondoka mwanawe mikononi, akaamuru mpiga mbiu atangaze: atakayeleta mwisho wa wimbo, na Ruzuna akakiri kuwa ndio, ataozwa Ruzuna na kupewa nusu ya hazina, na hiyo ni ahadi ya Sultani mbele ya Mungu na watu. Wakaja washairi kutoka kila pembe, mmoja akaumalizia wimbo kwa lulu na mwingine kwa waridi, na Ruzuna akawasikiliza wote kwa adabu hadi neno la mwisho, naye akamwambia kila mmoja, "Ni mzuri, bwana wangu, lakini si wenyewe."

Basi Ruzuna alikuwa na pete aliyorithi kwa bibi yake mzaa baba, naye aliusiwa asiisugue ila siku ya kukata tamaa. Akaisugua. Moshi ukajaa chumbani, na ndani yake akatoka jini Sarsari, mtumwa wa pete, mzee mwenye ndevu zilizofika magotini.

"Labeka, bibi yangu. Nikuhamishie mlima au nikukaushie mto?"

"Niletee mwisho wa wimbo wangu."

Jini akainamisha kichwa. "Mlima ni mwepesi, bibi. Wimbo hukaa kifuani mwa mtu, na kifua cha mwanadamu sikuruhusiwa kukifungua. Wanaoujua duniani wamebaki wawili. Mmoja ni mama yako."

Ruzuna akauliza, "Na wa pili?"

"Mvunja chumvi wa Malaha. Huko naweza kukupeleka. Ila nakunasihi: wako watu waliopata walichokitafuta wakalia kuliko walipokikosa."

"Nipeleke," akasema Ruzuna.

Jini akambeba kwa kasi ya upepo, na jua lilikuwa halijafika utosini alipomshusha katika nchi nyeupe isiyo na mti, ambako kijana mmoja mwenye midomo iliyopasuka alikuwa akivunja mabamba ya chumvi kwa nyundo. Ruzuna akamsalimu, akamwimbia mistari yake miwili. Kijana akaiweka nyundo chini.

"Wimbo huo naujua, bibi. Lakini siuimbi."

"Nimeumwa kwa ajili yake. Nakuomba."

Kijana akamtazama uso wake uliokonda, akamkaribisha chini ya turubali lake. "Ulikuwa wimbo wa mama yangu," akasema. "Jina lake Tufaha. Nilipotimiza siku arobaini watu wa jumba la Sultani walikuja wakamchukua akamnyonyeshe mtoto wao, nami nikaachwa kwa bibi yangu na kikombe cha uji. Walisema miaka miwili. Akakaa mitano. Siku aliporudi nilijificha nyuma ya bibi yangu, nikauliza, yule mama mgeni anataka nini. Hakukasirika. Alikuwa akikaa peke yake kwenye kinu, akitwanga na kuimba, akinitazama kwa mbali kama anayengoja. Alifariki nikiwa na miaka tisa, na mpaka siku hiyo nilikuwa namwita 'shangazi'. Sikuwahi kumwita mama, bibi. Hata mara moja."

Kisha akafumba macho akaimba, na sauti yake ilikuwa kavu:

*Lala mwanangu ulale,*
*Mtama nimeuponda;*
*Nawe Mbaruku wa kule,*
*Ningali ninakupenda.*

*Ziwa lako amepewa*
*Mtoto wa jumba kuu;*
*Kwa uji unalelewa,*
*Mamako hana nafuu.*

Ruzuna akajua kuwa ndio, neno kwa neno. "Mbaruku ni nani?" akauliza, ingawa moyo ulikwisha kumjibu.

"Ni mimi."

"Na mtoto wa jumba kuu ni mimi," akasema Ruzuna. "Alikuwa akinipakata mimi na kukuimbia wewe. Nami nimelilia wimbo usio wangu."

Mbaruku akamsogezea kata ya maji, nao wakakaa hivyo hata jua likageuka.

Jini akawachukua wote wawili hadi barazani kwa Sultani, na mbele ya mawaziri Mbaruku akauimba wimbo, na Ruzuna akakiri. Sultani akafurahi kwa kumwona mwanawe amesimama kwa miguu yake, akasema, "Ahadi ni deni. Kadhi na aitwe, ndoa ifungwe leo."

"Baba yangu Sultani," akasema Ruzuna, "ndoa hii haifungiki. Mimi na huyu tulinyonya ziwa moja. Ni kaka yangu."

Kadhi akathibitisha kuwa ndivyo sharia isemavyo. Ndipo Malkia Adla alipotoka nyuma ya pazia, akasimama mbele ya mvunja chumvi.

"Nilikuwa nikiusikia kila siku adhuhuri," akasema, "na jina lako nililisikia, nikajua kuna mtoto anayelia mahali. Nikanyamaza, kwa kuwa wangu alikuwa akinenepa. Kisha siku moja binti yangu akamwita yeye mama mbele yangu, nikamfukuza saa ile ile, hata kumuaga mtoto sikumruhusu. Nisamehe, mwanangu."

Mbaruku akajibu kwa upole, "Malkia, mimi mwenyewe nilimkimbia. Mwenye kusamehe yuko Malaha, chini ya chumvi. Twende tukamwombe sote."

Sultani akamwambia achague badala ya ndoa atakacho. Mbaruku akaomba jambo moja, kwamba tangu siku hiyo mwanamke asichukuliwe kunyonyesha katika nyumba ya mtu mkubwa ila aje na mwanawe mgongoni. Ikaandikwa, ikapigwa muhuri. Nusu ya hazina akapewa pia, akachimbisha visima vya maji matamu kule Malaha.

Wakaenda kaburini, Malkia akitembea bila viatu juu ya chumvi. Ruzuna akapiga magoti upande mmoja, Mbaruku upande wa pili. Mbaruku akachezesha midomo kama mtoto anayejifunza kusema, kisha akaita, "Mama." Akaita tena na tena, mpaka Ruzuna akamshika mkono.

Mwaka uliofuata Ruzuna aliolewa na mwana wa kadhi, harusi ya siku saba, na aliyemshika mkono kumtoa nje alikuwa kaka yake Mbaruku, na watu walishangilia, ila wao wawili, wakimkumbuka Tufaha, hawakucheka sana siku ile. Wakaishi kwa neema na heshima hadi wakachukuliwa na Yule achukuaye wote. Na mafunzo waliyotuachia ni haya: ukishiba, uliza ni nani aliyelala na njaa kwa ajili yako, na uulize mapema, angali hai wa kukujibu.