Nyayo za Siwatu katika Zege Bichi

Enyi mlioketi mbele na mlioegemea nyuma, mama zangu mlioacha majiko na baba zangu mlioacha mashamba, nawasalimu kila mmoja kwa cheo chake. Sikuja na kisa cha kuchekesha. Nimekuja na mzigo ambao mabega yangu hayaumudu, na naomba ruhusa niuteremshe katikati yenu. Nisikilizeni mpaka mwisho, kisha mhukumu, maana mimi nimejaribu kuhukumu nikashindwa.

Hapo zamani, si zamani ya wafalme bali zamani ya karibu, ambayo walioishuhudia wangali wanapumua, palikuwa na mji uitwao Kwamzindo, uliojengwa juu ya udongo mweusi. Udongo ule ukinywa mvua ulivimba, ukikauka ulipasuka. Uliimeza lami ya kwanza, ukaimeza na ya pili. Ndipo wakubwa wakaamua kwamba njia ya kurukia ndege itajengwa kwa zege, bamba baada ya bamba, kutoka bondeni mpaka chini ya kilima.

Basi njia ile ikalala kati ya watu na zahanati yao. Mji upande huu, zahanati upande ule. Aliyeugua ilimpasa azunguke uwanja mzima ndipo afike kwa mganga.

Zege bichi, jamaa zangu, lina adabu yake. Likimwagwa asubuhi hupigwa rula mpaka liwe sawa, hulainishwa kwa mwiko, kisha hupitishiwa ufagio ili matairi ya ndege yapate pa kushika. Likianza kukaza hufunikwa magunia yaliyolowa, na magunia hayo hayaachwi yakauke, kwani jua likiliwahi zege changa hulipasua. Kazi ya magunia ilikuwa ya wanawake, na miongoni mwao alikuwamo Siwatu.

Siwatu alikuwa mke wa Shembilu, mlinzi wa lango la uwanja. Alikuwa na mimba yake ya kwanza na ulimi usiokosa neno. Kila asubuhi alimchokoza Fundi Mbaruku, aliyelisawazisha zege lile, mtu mkali aliyelala kifudifudi kulitazama bamba kwa jicho moja, asije akaacha hata alama ya ukucha.

"Fundi," Siwatu alimwambia akilionyesha zege, "mwanao leo kaoga, kalala."

"Basi mfunike vizuri, shangazi yake. Akipata homa nitakuuliza wewe."

"Homa aitoe wapi? Mtoto mpole huyu. Mwenye homa ni baba yake!"

Wanawake wakacheka, na Fundi Mbaruku, ambaye hakucheka na mtu, akageuza uso ili asionekane akitabasamu.

Mimba ilipokomaa, Siwatu akaacha magunia akaenda kwa mama yake, Bi Mwanakombo. Ndiyo desturi ya Kwamzindo: mtoto wa kwanza huzaliwa nyumbani kwa bibi yake, juu ya kitanda kile kile kilichompokea mama yake. Uchungu ukamjia alfajiri.

"Mama, twende zahanati. Huu uchungu si wa kawaida."

"Wa kawaida umeujulia wapi, nawe hujazaa? Kitanda hiki kilikupokea wewe, kitampokea na mwanao. Vumilia."

Siwatu akavumilia. Jua likachomoza, akavumilia. Jua likapanda, damu ikamtangulia mtoto. Bi Mwanakombo alipoiona, akasimama. Akajifunga kanga kiunoni akasema, "Inuka, mwanangu. Nimekosea. Twende."

Wakafika langoni. Mbele yao zege la asubuhi ile lilikuwa limelala bichi toka ukingo huu hadi ukingo ule, na juu yake pametandazwa ubao mmoja mrefu ambao mafundi waliutumia kufikia katikati. Shembilu akasimama njiani, kofia kichwani, rungu mkononi.

"Zungukeni, mama. Zunguka, mke wangu. Nimeamriwa asipite mtu, hata Mhandisi mwenyewe."

"Shembilu!" Bi Mwanakombo akafoka. "Huyu ni mkeo, si mbuzi wa jirani!"

"Mama, najua. Lakini nikimpitisha wangu leo, kesho nitamzuia wa nani?"

Siwatu hakubishana. Aligeuka akaanza kuzunguka, ameshika ukuta wa uwanja kwa mkono mmoja na tumbo kwa mkono wa pili. Hakufika mbali, akachuchumaa. Shembilu alipomwona amechuchumaa akalitupa rungu, akamkimbilia, akamwinua.

"Rudi! Pita juu ya ubao! Kazi na wanifukuze!"

Ubao ule haukuwa wa kubeba wawili. Bi Mwanakombo akasema, "Pita wewe, mwanangu, mimi nazunguka. Nitakukuta." Naye akashika njia ndefu, kwa miguu ya mtu mzima, akikimbia.

Siwatu akavua kandambili zake. Alilijua zege, alilifunika kwa mikono yake. Hakutaka kulidondoshea tope. Akatembea peku juu ya ubao mpaka katikati. Hapo uchungu ukamkata. Akayumba, miguu yote miwili ikatoka ubaoni ikazama katika zege, na kiganja kimoja kikashuka kikajishikiza hapo hapo. Akainama vile, hawezi kwenda wala kurudi.

Fundi Mbaruku alikuwa ukingo wa pili. Hakuona uso. Aliona mgongo wa mtu aliyeinama ndani ya kazi yake.

"Wewe! Huna macho? Toka hapo, unaniharibia kazi!"

Siwatu akainua uso. "Niwie radhi, fundi," akasema.

Fundi akamtambua. Akatambaa juu ya ubao, akampa mkono, akamvusha mpaka upande wa zahanati, na wauguzi wakampokea. Maneno yale matatu ndiyo ya mwisho ambayo mtu wa Kwamzindo aliyasikia kinywani mwa Siwatu.

Bi Mwanakombo alipomaliza kuzunguka, alikuta shuka limefunika nyuso mbili, wa mzazi na wa mtoto. Hakuanguka. Alisimama mlangoni akalia kwa sauti iliyovuka uwanja mzima:

Nilizunguka kwa mbio,
kukuita kwa kilio,
nikakosa itikio,
mwanangu umenyamaa.

Wakati kilio kile kinapanda, Fundi Mbaruku alikuwa amepiga goti juu ya ubao, mwiko wake umelowa. Zege lilikuwa bado linakubali mkono. Pigo moja la mwiko, na nyayo zile zingefutika kana kwamba hakupita mtu. Akakisikia kilio. Akauweka mwiko chini. Akalichukua karai, akazifunika nyayo na alama ya kiganja, na ufagio ulipokuja kupita, akauamuru uzunguke karai.

Wakamzika Siwatu na mwanawe. Shembilu akavuliwa kofia ya ulinzi. Baada ya siku za matanga, Mhandisi aliyesimamia ujenzi, mtu mwenye msimamo lakini asiye na moyo mbaya, akalifunua karai. Akatazama kwa muda mrefu, kisha akawaita wote watatu, mama, mume na fundi.

"Mungu amrehemu," akasema. "Lakini siwezi kuliacha bamba hili. Maji yatatuama humu, kingo zitameguka, na injini ya ndege ikikifyonza kijiwe kimoja, tutawazika wengine. Nitaukata mraba huu kwa msumeno, nimwage zege jipya. Kipande nitampa mmoja wenu. Semeni, nimsikie kila mtu."

Bi Mwanakombo akatangulia, kwa haki ya umri.

"Miguu hiyo nimeizaa mimi. Nimeiosha ikiwa midogo kuliko kidole changu, nimeifundisha kusimama, na nimeiosha tena juzi, imekuwa baridi. Nataka kipande hiki nikisimike kichwani pa kaburi lake. Nisingekuwa mimi, nyayo hizi zingetoka wapi?"

Shembilu akasema, "Mama, nakuheshimu. Lakini wewe ndiye uliyemweka kitandani mpaka jua likapanda."

"Na wewe ndiye uliyemwambia azunguke."

"Ndiyo, mimi." Shembilu akainamisha kichwa. "Nilimwambia azunguke, na nitalisikia neno hilo mpaka niingie kaburini. Lakini ni mimi pia niliyemwita arudi. Asingeitwa, asingekanyaga. Ninyi ndugu zake mlikuja baada ya mazishi mkachukua kanga zake, kitana chake, hata kikombe chake, kama ilivyo desturi, nami sikusema neno. Nyumba yangu haina kitu kinachoonyesha kwamba aliishi humo. Picha hakuwahi kupiga. Nataka kipande hiki kwenye kizingiti changu, nikitoka nimwone akitoka, nikirudi nimwone akirudi. Nisingekuwa mimi, nyayo hizi zingepitia wapi?"

Fundi Mbaruku alikuwa amesimama kando, mikono nyuma. Mhandisi akamwambia, "Fundi, wewe si ndugu yao."

"Si ndugu. Mimi ndiye niliyempigia kelele." Akaileta mikono mbele, akaendelea. "Mtu anakufa, nami namwambia ananiharibia kazi. Na yeye ndiye aliyeniomba radhi. Miaka yangu yote sijaacha doa katika zege. Hili nimeliacha kwa makusudi, nikijua nitafukuzwa. Msingekuwa na cha kugombania leo, mama, kama mwiko wangu ungeshuka. Sikitaki kwa ajili ya nyumba yangu. Nataka nikisimike hapa langoni, mahali tunapoanzia kumwaga, ili kila fundi atakayekuja na zege lake akione, aache njia ya watu kabla hajaziba. Kaburini, mama yake peke yake atamwona. Kizingitini, mumewe peke yake. Hapa atawaokoa wasiomjua. Nisingekuwa mimi, nyayo hizi zingekuwa wapi?"

"Unataka mwanangu awe kibao cha kuelekeza magari?" Bi Mwanakombo akamuuliza.

"Nataka asife mwingine, mama."

"Wa kwangu ameshakufa, fundi. Huyo mwingine ana mama yake."

Msumeno ukawashwa. Ulipiga kelele mpaka watu wakaziba masikio, na vumbi jeupe likawafunika wote watatu nyusi na kope, wakafanana. Mraba ukakatika. Vijana wakauinua kwa minyororo wakaupakia juu ya lori. Hapo watu wakaziona vizuri: nyayo mbili zimekaa sambamba, vidole vimebana chini kama vya mtu anayejizuia asianguke, na pembeni kiganja kimoja, na katika kiganja kile mistari yote inasomeka.

Dereva wa lori, aliyekuwa hajui habari nzima, akatoa kichwa dirishani.

"Kwani hakigawanyiki? Miguu miwili na mkono mmoja, watu watatu. Kila mtu achukue chake, tuondoke."

Bi Mwanakombo akasogea, akaweka kiganja chake juu ya kile cha zege. Hakikuenea; cha mwanawe kilikuwa kikubwa zaidi.

"Mwanangu alikuja duniani mzima," akasema. "Hamtamkata."

Na Shembilu akasema, "Hatakatwa." Na Fundi Mbaruku akasema, "Hatakatwa." Kwa neno hilo moja walipatana, na kwa jingine lolote hawakupatana. Wote watatu wakamtazama Mhandisi. Mhandisi akamtazama dereva. Dereva akawasha gari akauliza, "Mzee, natoka hapa na mzigo. Nauteremsha kwa nani?"

Nami nawauliza ninyi mlionisikiliza. Mama aliyeizaa miguu na kuichelewesha. Mume aliyeizuia na kuiruhusu. Fundi aliyeifokea na kuihifadhi. Lori linanguruma, mraba u juu yake, na watatu wamesimama katika vumbi. Je, nani alistahili kupewa nyayo za Siwatu?

Msiniulize mimi jibu. Sikulipata hata kwa yule aliyenisimulia kwanza, aliyebeba magunia yaliyolowa bega kwa bega na marehemu: Bi Hadiya binti Semhando.