Mitungi Miwili ya Birika la Msikiti

Inasimuliwa na waliotutangulia katika kheri kwamba, mwaka mmoja wa ukame, alikuwako mjane mchamungu aliyeitwa Unaisa, msukaji wa mikeka. Binti yake Thuwaiba alikuwa aolewe siku ya Ijumaa, na kwa desturi ya mji ule, mama humsukia bibi harusi mkeka wa kukalia na mumewe.

Ukindu hausukwi mkavu, hukatika. Kisima cha nyumbani kilikuwa kimekauka. Basi Unaisa akateka mitungi miwili katika birika la msikiti, akaloweka ukindu wake. Alijua kuwa maji yale ni wakfu kwa wenye kutawadha na wenye kiu, lakini akajiambia, "Mitungi miwili tu."

Jumatano adhuhuri alipita msikitini akamwona kikongwe akipiga viganja juu ya vumbi, anatayamamu kwa kukosa maji ya kutawadha. Birika lilikuwa limebaki tope. Akamfuata mlinzi wa msikiti, mzee Dhakwani, akamweleza yote.

Mzee akacheka. "Mwanangu, maji yamekwisha kunywewa na ukindu. Utaukamua? Nenda, nimekusamehe."

"Si yako, baba. Wewe ni mlinzi tu," alisema Unaisa kwa adabu. "Ningechukua cha jirani, ningebisha hodi nikamtaka radhi. Haya ni ya kila aswaliye hapa, na ya wapita njia nisiowajua. Nibishe mlango gani?"

Akaondoka, akiazimia kurudisha birikani mitungi miwili ile ile ya maji.

Chemchemi pekee iliyosalia na maji ilikuwa mbali mno. Alhamisi nzima Unaisa alikuwa njiani, mtungi mmoja asubuhi, mwingine alasiri, kila mmoja akiumimina birikani.

"Shoga, mwanao atakalia nini kesho, mtungi?" jirani mmoja alimtania.

Aliporudi nyumbani, Thuwaiba aliutazama mkeka, haujafika hata nusu. Unaisa hakuthubutu kumtazama usoni.

"Utakuwa mwembamba, mwanangu."

"Tutabanana, mama," akasema binti, akaketi kumshikia ukindu.

Siku ya harusi wageni walicheka kumwona bwana harusi nusu yuko mkekani, nusu sakafuni. Alipoambiwa sababu, alimbusu mama mkwe mkono, akasogea tena, akambana mkewe.

Ndugu zangu katika imani, tukiambiwa kitu ni cha wote, tusidhani si cha mtu. Mwenyezi Mungu atujaalie kuliona hilo kabla hatujateka.