Mwiko wa Kidawa

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na majumba na milango yenye komeo (sogeeni, wanangu, ila msinikalie miguuni, nimechoka mie), Bi Pimbi alikuwa yaya nyumbani kwa Mzee Ndovu. Pimbi mnamjua: mdogo, hana mkia, ukimtazama haraka utadhani panya aliyenenepa.

Alikuwa hoi. Asubuhi kufagia, mchana kufua, jioni kumbembeleza Kidawa, binti pekee wa Mzee. Shule zilikuwa zimefungwa, na huyo mtoto kutwa yuko mkekani: anakula, analala, anakula tena. Miguu imelegea tepwetepwe! Akitoka chumbani mpaka jikoni anahema, "Yaya, nibebe."

"Nikubebe mimi? Ala! Utanizika."

Alicheka, lakini moyo ulimuuma. Kiangazi kikikaza, ndovu wote huhamia mtoni, mwendo wa siku tatu, na asiyeweza kutembea huachwa njiani. Naye Pimbi alimpenda yule mtoto.

"Mzee," akasema siku moja, "mwache mtoto akacheze nje."

"Nje!" Mzee Ndovu akapiga mguu chini, ndi! Vyombo vikacheza kabatini. "Kuna jua, kuna tope, kuna siafu. Binti yangu kutoka nje ni mwiko. Umesikia, Pimbi? Mwiko!"

"Nimesikia, Mzee. Mwiko."

Alirudi jikoni, akaegemea ukuta, akafumba macho. Amechoka kufua, amechoka kuitikia. Alipoyafumbua, yakatua kwenye mwiko wa kusongea ugali, umening'inia msumarini.

"Ahaa," akasema.

Kesho yake, Mzee alipokwenda tu barazani kwa wazee wenzake, Pimbi akautia mwiko kwenye mkonga wa Kidawa. "Haya, mama, twende nje."

Siku ya kwanza Kidawa alilia, eti nyasi zinamtekenya. Siku ya tatu alichimba. Ya tano alisonga ugali wa matope, chubwi chubwi, akampakulia kila chura aliyepita. Akakimbiza vipepeo mpaka kilimani. Na Pimbi nyuma yake, jamani, kiuno kinawaka moto. Jioni amsugue asibaki na hata chembe ya tope. Mtoto wa ndovu si sahani.

Likizo ilipokaribia kwisha, Mzee akarudi mapema. Akamkuta Pimbi uani, ndoo mkononi.

"Mtoto yuko wapi?"

"Nje, Mzee."

"Nilikwambia nini?"

"Ulisema kutoka nje ni mwiko. Na hajatoka hata siku moja bila mwiko."

"Pimbi! Funga virago vyako!"

Pimbi akaitua ndoo chini. Kwa uchovu ule, hata kufukuzwa kulikuwa nafuu. Ila machozi yalimlengalenga.

Mara wakasikia: ti! ti! ti! Kidawa anashuka kilima mbio, tope mpaka masikioni, mwiko juu. "Baba! Nimekupikia!"

Mzee akageukia kilima. Barazani walikuwa wamekata shauri: safari ya mtoni ni kesho kutwa. Njia nzima alikuwa akijiuliza atamwachaje mwanawe.

"Tangu lini huyu anakimbia?" akauliza.

"Tangu uliposema mwiko."

Mzee akaupokea ule mwiko, akaonja tope, akameza. Kisha akamvutia Pimbi kigoda. "Kaa, Bi Pimbi. Leo nitamwogesha mimi."

Pimbi akakaa. Kabla ndoo haijajaa, alikuwa anakoroma.

Nanyi shikeni hili: amfungiaye mtoto mlango, humfungia na miguu. Haya, tokeni nje, mniache nami nilale.